Wacha Mfuniko Ucheze

Baba yako atakuja Mombasa! Mwende, umesikia? Amesema kwa mdomo wake mwenyewe, ameketi pale kwenye kiti chake, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Amesema, "Nitaenda." Mimi nilikuwa nachambua mchele. Sinia limeniponyoka, na sasa nusu ya mchele iko chini ya kitanda na siendi kuuokota mpaka nimalize kukuandikia.

Ona, sijakusalimu hata. Hujambo mwanangu? Najua hujambo, tumekunywa chai pamoja leo asubuhi. Umekwenda Donholm kumuaga shangazi yako, na nyinyi wawili mkianza hadithi hamjui kuachana, kwa hiyo nimepata nafasi. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya leso. Kesho jioni treni ikishapita Athi River, fungua usome. Usiifungue stesheni. Utalia, na mimi nikikuona unalia nitapanda hiyo treni bila tikiti.

Mdogo wako Ndinda alitaka kukimbia akufuate huko huko. "Mathe, buda amekubali! Wacha nimwambie Mwende!" Nikamshika kwa sketi. Nimemwambia kama baba anataka kukuambia mwenyewe, atakuambia. Kama hataki, nitakuandikia mimi. Unamjua yule mtu. Maneno yake ni kama maji ya mfereji hapa Kayole, siku unayoweka ndoo hayatoki.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kufua na kuanika, hayo sikuandikii. Nimekulea miaka ishirini na moja. Kama hayajakuingia, Mombasa itakufunza, na jirani zako watacheka. Nataka tuzungumze habari ya mji unaokwenda, kwa sababu ulikuwa mji wangu kabla haujawa wako, na habari ya baba yako, kwa sababu umeondoka hapa leo mchana ukisema neno ambalo limenikaa kooni.

Ulisema, "Hata sanduku amelifanya vibaya. Mfuniko unacheza. Angekuwa anataka niende, angeufunga vizuri."

Mwende, baba yako ni mchongaji ambaye Gikomba nzima wanamjua. Twiga wake husimama kwa miguu minne bila kuyumba hata ukimweka juu ya gunia la viazi. Mtu kama huyo hatengenezi mfuniko unaocheza kwa bahati mbaya. Hilo nililijua. Lakini na mimi nilifikiri kama wewe, kwamba amefanya kwa hasira. Tangu siku uliyokuja na habari kwamba bandari imekuchukua ukajifunze kuendesha kreni, hajasema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Mombasa si mji wa watu wetu," akatoka nje kunoa patasi ambayo ilikuwa imenolewa.

Mimi nilisema kwa niaba ya wawili. Nimemwambia mwenye duka, nimemwambia fundi wa redio, nimemwambia mchungaji. "Binti yangu anaenda Kilindini, atakaa juu kuliko ghorofa, anyanyue makontena kama mtu anayenyanyua kikombe." Mama Zuhura wa mlango wa pili akaniambia, "Mama Mwende, hii ni mara ya tatu tangu asubuhi." Nikamwambia, "Basi kaa chini, dada, nakuja na ya nne." Mungu anisamehe, sijui kunyamaza juu ya watoto wangu. Lakini nani mwingine katika ploti hii ana mtoto wa kreni?

Sasa, Mombasa.

Watu wa hapa wakisikia Mombasa wanafikiri ni raha, madafu na kulala kivulini. Hiyo ni Mombasa ya wageni. Yangu ilikuwa ya upande wa pili, Changamwe, upande wa treni na matangi ya mafuta na makuli waliokuwa wakiamka kabla ya jua. Makuli ndio waliopakua meli kwa mgongo kabla ya haya makontena kuja. Babu yako, marehemu baba yangu, alitoka Machakos kijana mdogo akafanya kazi katika genge moja mpaka nywele zikageuka. Mwanzo alibeba magunia. Halafu wakamfanya mpiga ishara.

Hiyo kazi nakueleza, kwa sababu itakuhusu. Winchi inanyanyua mzigo kutoka tumbo la meli, na anayeiendesha haoni chini. Juu kwenye ukingo anasimama mtu mmoja, anaona huku na huku, na kwa mikono yake anamwambia mwenye winchi: nyanyua, shusha, polepole, simama. Hakuna kelele, maana kelele bandarini ni ya kila mtu. Kiganja kikielekea chini na kutikisika kidogo, hiyo ni shusha kama unayeshusha mtoto aliyelala. Babu yako alituletea mikono hiyo nyumbani. Hakuwahi kusema "leteni chai." Alinyanyua kidole, tukanyanyua birika. Mimi na ndugu zangu tukigombana, alifunga ngumi hewani na vita vikasimama. Wewe utakuwa juu kwenye kreni, na chini kutakuwa na mtu amekuinulia mkono. Mheshimu huyo mtu. Huo mkono ni wa ukoo wako.

Babu alipenda kutusimulia mji. Hakusoma sana, na mimi sikusoma kumzidi, lakini alikuwa akitupeleka Jumapili baada ya kanisa kuangalia ngome, akasema: huu mji jina lake lingine ni Mvita, na kwa kweli vita umeviona. Wareno walikuja na mizinga, wakauchoma, ukajengwa. Wakauchoma tena, ukajengwa tena. Wakajenga hiyo ngome wakidhani sasa wamefika. Waarabu wa Omani wakawatoa humo baada ya kuwazingira muda mrefu mpaka watu wakala walichokula. Kisha Waingereza. Babu alikuwa akigonga ule ukuta wa mawe ya matumbawe kwa kiganja, akisema, "Kila aliyekuja hapa alikuja kuwa bwana. Wote wamekwenda. Aliyebaki ni mchuuzi wa samaki na mtu wa kubeba gunia." Halafu akacheka, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mtu wa kubeba gunia.

Na nikuambie jambo la kuwaambia wanaokucheka kwamba unaacha Nairobi kwenda mashambani. Nairobi ni mtoto wa Mombasa. Reli ilianzia kule. Kabla ya reli hapa palikuwa na maji na nyasi tu. Msumari wa kwanza wa mji huu ulishushwa kule kutoka melini. Mpaka leo hizo nguo za mitumba zinazofunguliwa Gikomba na watu wakasukumana, zimepita Kilindini. Mabati ya kanisa letu je? Mimi husema babu yako ndiye aliyeyashusha. Ndinda husema siwezi kujua. Na yeye ataonyesha vipi kwamba si babu?

Ule mji ulitulisha, Mwende. Nasema ahsante yake kila nikila samaki. Ulitulisha huku ukitutukana, lakini ulitulisha. Hiyo ndiyo tabia yake na lazima uijue. Mtu wa bandarini hakuambii "karibu." Anakutafutia jina la utani, anakuchekea mbele ya watu, halafu kesho yake anakukatia nusu ya mkate wake bila kukuangalia usoni. Babu alikuwa akisema, "Mombasa humcheka kila mtu siku ya kwanza. Asiyengoja siku ya pili hataujua."

Baba yako hakungoja siku ya pili.

Kisa chenyewe mmewahi kukisikia kipande kipande, maana mimi huwa nakirusha tukigombana. Sasa nakupa chote.

Tulikuwa tumeoana mwaka ule. Baba yako alikuwa akichonga na Wakamba wenzake Changamwe, kisha anasimama nje ya lango la bandari kuwauzia mabaharia. Mabaharia walitaka mpingo, mti mweusi. Mpingo ulikuwa hadimu. Basi wachongaji walikuwa na ujanja wao, na wengine bado wanao hata leo: unachonga mti mweupe, unaupaka rangi ya viatu, unaupiga brashi mpaka unang'aa kama usiku. Kwetu kwenye hewa kavu unakaa hivyo. Lakini Mombasa mtu anatoka jasho hata akiwa amesimama.

Baharia mmoja akanunua tembo. Alikuwa amevaa nguo nyeupe kutoka shingoni mpaka miguuni, akambeba tembo kwapani kama mtoto. Kesho yake saa ya zamu kubadilishana, makuli wote wanatoka langoni, tunamwona anakuja na yule tembo. Shati lake ubavuni lilikuwa jeusi kama sufuria ya kanisa. Akaongea lugha yake, hakuna aliyeelewa. Alipoona hatuelewi, alinyanyua mguu, akauweka juu ya jiwe, akachukua tembo, akaanza kukisugua kiatu chake. Mwanangu, kiatu kiling'aa!

Lango lote lilianguka kwa kicheko. Serangi wa genge la babu yako, yaani msimamizi wao, mzee wa Kiswahili mwenye sauti kama honi ya meli, akapaza: "Ewe bwana harusi! Niletee twiga, viatu vyangu vya kanisani vimechakaa!" Na mwingine akasema, "Kanisani utakwenda lini wewe, Mwislamu?" Akajibu, "Kwa viatu hivyo, hata leo!" Kutoka hapo jina la baba yako likawa Bwana Kiatu.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemletea babu yako chakula. Na mimi nilicheka, Mwende. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinua macho, baba yako alikuwa hawaangalii makuli, wala baharia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kama kuna jambo moja ningependa ulipate kutoka kwangu bila kulilipia kama mimi nilivyolilipia, ni hilo. Umati ukimcheka mtu wako, wewe nenda ukasimame upande wake kwanza. Utacheka jioni, mkiwa wawili. Na mtacheka zaidi.

Juma lile lile alipanda treni kuja Nairobi. Akaapa hatakanyaga Mombasa tena. Mimi nikabaki kwa baba yangu nikiwa nimenuna, nikisema mwanamume gani anakimbia kicheko. Na nikiwa nimenuna hivyo, jioni moja serangi akaja nyumbani. Alivaa kanzu safi. Akamwambia babu yako, "Nimekuja kwa mkweo. Nataka anichongee kigoda, cha mti wa kweli, nilipe bei ya kweli. Kijana ana mkono mzuri. Yule tembo, ukiacha rangi, alikuwa anatembea." Babu yako akamwambia amekwenda. Yule mzee akasikitika. Akasema, "Sasa nani atamwambia kwamba tulikuwa tunamkaribisha?"

Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Nilipomfuata Nairobi, kiburi kikanizuia, nikasema wacha aniombe msamaha kwanza. Yeye alikuwa anangoja wangu. Halafu ukazaliwa wewe, kukawa na kazi, na neno likizeeka ndani ya mtu linakuwa zito kulitoa. Miaka ikapita nikiishi na mtu anayeamini kwamba mji mzima ulimtema.

Ndipo ulipokuja na Mombasa yako. Nikaona ule uso wake wa langoni umerudi, na safari hii wewe ndiye unayeumia, na wewe hukuwa hata umezaliwa.

Basi Jumapili tukitoka kanisani nilimwambia. Barabarani, kwa sababu nyumbani ningegeuza maneno. Nikaanza na pole. Nikasema, "Baba Mwende, siku ile nilicheka na watu, na haikuwa haki kwako." Kisha nikamweleza habari ya serangi, kanzu yake, kigoda, na lile swali la nani atamwambia. Alitembea mpaka tukafika karibu na Spine Road. Nilifikiri hatasema kitu mpaka Krismasi. Akasimama. Akaniuliza:

"Kigoda cha miguu mingapi?"

Nilitaka kumpiga na Biblia. Nikamwambia, "Baba Mwende, nimekufungulia moyo wangu katikati ya barabara na wewe unauliza miguu!"

Akasema, "Mzee hakusema mingapi? Mitatu au minne?" Na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anacheka, Mwende. Alicheka mpaka mbele ya stage ya matatu, akashika mti wa kibanda cha mahindi. "Kiatu kiling'aa," akasema, "kwa kweli kile kiatu kiling'aa vizuri." Miaka yote hiyo nimekuwa na kicheko hicho mfukoni na sikujua ni chake.

Lakini kukuhusu wewe bado hakusema kitu, na nikaogopa kusukuma.

Sasa sikia la leo. Ulipotoka kwenda Donholm, baba yako akarudi kutoka Gikomba. Nikamwambia, "Mtoto amelalamika. Anasema mfuniko wa sanduku unacheza."

Akasema, "Wacha ucheze."

"Unacheza namna gani na wewe ni fundi?"

Akavua kiatu kimoja. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mwanafunzi mgumu. "Mama Mwende, sanduku lako la harusi lilipasuka kwa nini?"

Unalijua lile sanduku langu lenye ufa, ambalo mlipokuwa wadogo mlikuwa mkichungulia kuona kama nimeficha biskuti. Alilitengeneza kule Changamwe, likiwa limebana vizuri kama ngoma. Nilipolileta hapa, hewa kavu ililinyonya, na usiku mmoja likalia *kaa!* tukadhani ni mwizi. Alikosea lile kwa sababu alikuwa kijana, akalipima kwa hewa ya pale alipokuwa amesimama.

"Mbao za huku zimekauka," akaniambia. "Zikifika Mombasa zitakunywa hewa ya bahari, zitavimba. Mfuniko unaobana hapa, kule hautafunguka. Huo nimeupima kwa Mombasa. Akimaliza masika moja kule, utakaa kama kope kwenye jicho."

Nikamwuliza mbao zenyewe alizitoa wapi. Mwende, sikia vizuri. Ni mvule. Alizinunua na kuzianika juu ya paa la karakana yake juma lile ulilokwenda kufanyiwa mahojiano. Kabla hujajibiwa. Kabla mtu yeyote hajajua kama watakuchukua. Sisi tulikuwa tunangoja neno lake, na yeye alikuwa ameshaanika neno hilo juani, analigeuza asubuhi na jioni lisipinde.

Hapo ndipo akasema, "Lakini lazima niuangalie mwenyewe. Mtu hawezi kuacha kazi bila kuikagua. Nitaenda."

Na sinia likaniponyoka.

Kwa hiyo usiseme tena kwamba hataki uende. Kesho atabeba hilo sanduku mpaka ndani ya behewa, na pengine atakuambia tu "funga dirisha, kuna vumbi Voi." Wewe elewa. Weka kiganja chako juu ya huo mfuniko, uusukume kidogo usikie unavyocheza. Hiyo nafasi ndogo ndiyo baraka yake. Kila juma itapungua, na utajua kwamba mji umeanza kukuchukua.

Watakucheka kwanza. Msichana wa Kayole, Kiswahili cha Nairobi kimejaa "niaje" na "poa", amepanda kreni. Watakutafutia jina. Likubali ucheke nao. Ngoja siku ya pili. Mimi nashukuru kwamba mji ulionipa baba yangu na ukanipa mume sasa unampokea mtoto wangu, na sikuwa na kitu kizuri zaidi cha kuurudishia. Nimeringa, najua. Acha niringe.

Kuna kitu kingine. Pale mlangoni baba yako ameegemeza kipande cha mpingo, wa kweli, ukikisugua hakitoi rangi hata chembe. Amekwisha kukata miguu. Ni mitatu. Nikamwambia serangi alikuwa mzee hata wakati ule, atakuwa amekufa. Akasema, "Ana watoto. Mtu wa Changamwe hapotei. Mwende ataulizia." Basi hiyo ndiyo kazi ninayokuachia: ulizia.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi, unacheka na Mama Zuhura. Acha nifunge kabla hujaingia ukaona mchele chini ya kitanda.

Tukija kwako masika yatakuwa yamekwisha na mbao zitakuwa zimeshiba. Ndinda atakuwa na sare yake ya shule kwa sababu hana nguo nyingine anayoipenda, shangazi yako wa Donholm ameshaapa hatabaki nyuma, mimi nitakuwa na mahamri ya Mama Zuhura, na baba yako atakuwa na kigoda begani. Tutalala njiani, na treni itatufikisha asubuhi. Tungoje pale stesheni, mwanangu, Juni mosi, siku ya Madaraka.